Kutoka Buha hadi Uhandisi wa Umeme

Waha wa Kasulu na Kibondo walifanya kazi kando ya mitambo ya umeme miaka mingi kabla nyumba zao hazijapata taa. Utawala wa Waingereza uliigeuza Buha, yaani nchi ya Waha katika nyanda za juu za Kigoma, kuwa chimbuko la nguvukazi ya kuhudumia mashamba ya mbali, na kuanzia 1944 SILABU, ofisi ya uandikishaji ya wakulima wakubwa wa mkonge, ikawa inakusanya manamba, ndio vibarua wa mkataba, na kuwapeleka hadi Tanga, ambako maporomoko ya mto Pangani yalikuwa yakizalisha umeme tangu miaka ya 1930, kwa sehemu kubwa kwa ajili ya mkonge wenyewe. Mha alilisha majani kwenye korona, mashine ya kusindika nyuzi, lakini elimu ya mitambo hiyo hakupewa.

Elimu hiyo ilikuwa mbali na Watanganyika wote. Katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichodumu kuanzia 1963 hadi 1970, uhandisi ulisomwa Nairobi, na ni mwaka 1973 tu ndipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofungua kitivo chake kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Mlango wake ulikuwa kidato cha sita chenye fizikia, kemia na hisabati. Miaka miwili ya kidato cha tano na sita, urithi wa mfumo wa Kiingereza, ndiyo iliyobeba kazi ambayo vyuo vikuu vya Uingereza huupa mwaka wa matayarisho kwa mwanafunzi asiye na masomo hayo. Kwa kijana wa kijijini mlango huo ulikuwa mwembamba mno, kwani sayansi ya kidato cha tano na sita huhitaji maabara na walimu, vitu ambavyo shule za pembezoni zilivikosa kwa muda mrefu, wala si haki kuuita upungufu huo udhaifu wa wanafunzi.

Mlango wa pili, uliowafaa zaidi wengi, ni wa vyuo vya ufundi: kile cha Dar es Salaam, kilichoanza 1957 na kuwa Taasisi ya Teknolojia mwaka 1997, na kile cha Arusha cha mwaka 1978. Humo aliyemaliza kidato cha nne huanza na ngazi ya nne ya tuzo za ufundi, mwaka mmoja wa hisabati, misingi ya umeme na kazi za karakana, kisha hupanda hadi stashahada katika ngazi ya sita, na akifaulu vizuri huingia shahada bila kupitia kidato cha sita. Huu ndio mwaka wa matayarisho wa Tanzania, ingawa haujulikani kwa jina hilo.

Nyumbani Buha, umeme wa TANESCO, shirika la umeme la taifa, uliendelea kutegemea jenereta za dizeli hadi 2022, wilaya za Kasulu na Kibondo zilipounganishwa na Gridi ya Taifa kupitia kituo cha umeme cha Nyakanazi, huku mradi wa megawati 49.5 ukipangwa kwenye mto Malagarasi, katika mkoa uleule uliowahi kupeleka vijana wake kwenye umeme wa Pangani.