Majina ya mutoto mwanamuke: lipi litangulie?

Mutoto mwanamuke akizaliwa, majina hayakosekani. Jamaa ya baba wanaleta jina la tate wa upande wao, mama naye hataki jina la mama yake lipotee, na mama wa batizo anataja mutakatifu anayemupenda. Ugomvi hauji ju ya kupokea majina, kwani yote yanapokelewa. Unakuja ju ya mupango wake. Lipi litangulie? Lipi likae katikati? Kila mutu anajua ya kuwa jina la katikati ndilo litakalokatwa siku ile mwandishi atakapoona mustari wa daftari ni mufupi. Na tate ambaye jina lake limekatwa hivi, jamaa yake wanahesabu amezikwa mara ya pili.

Wengine wanazani swali hili ni la jana, limeletwa na masomo na pasiporti. Hapana. Historia ya Kanisa kwetu Kongo ilianza nalo. Mwaka 1491 mufalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa, akaitwa João. Mwana wake Mvemba a Nzinga akaitwa Afonso. Tazameni namna jina hilo la pili limeundwa: Mvemba wa Nzinga. Jina la mutoto linatangulia, la muzazi linafuata, na ile «a» ndogo katikati inashika ukoo wote. Jina la ubatizo halikuvunja mupango ule. Lilikaa mbele yake tu, kama kofia kichwani. Ndugu zetu Bashi wanajua jambo hilohilo: mwanamuke anataja jina lake, kisha anaweka «M'» mbele ya jina la baba, na kila mutu anasikia yeye ni binti wa nani. Hata yule Kimpa Vita aliyechomwa moto tarehe 2 Julai 1706 (ju ya mafundisho yake hatusemi hapa), wamisionari walimwandika Dona Beatriz, lakini watu wa leo wanamujua zaidi kwa jina la kwao.

Tuje sasa kwenye sheria. Mara nyingi tunawasikia waseminari wakisema kwa nguvu ya kuwa Kanisa liliagiza jina la mutakatifu litangulie. Wasome vizuri. Kodeksi ya 1917, kanoni 761, iliwaagiza mapadri wa parokia waangalie mubatizwa apewe jina la Kikristu. Na kama hawawezi kulipata, waongeze jina la mutakatifu kwa jina lililotolewa na wazazi, kisha waandike yote mawili katika kitabu cha wabatizwa. Waongeze, ndivyo ilivyosema. Jina la wazazi liko tayari, la mutakatifu linakuja kukaa pamoja nalo. Kodeksi ya 1983, kanoni 855, ni fupi zaidi: wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisitolewe jina lililo geni kwa moyo wa Kikristu. Basi. Kuweka Maria ao Tereza mbele ni desturi, tena desturi nzuri, lakini si sheria. Katekista anayemurudisha mama nyumbani kwa sababu jina la tate limetangulia la mutakatifu, anaweka muzigo ambao Kanisa halikuuweka.

Mufano mukubwa tunao kwetu, na tunashangaa kuona unasahauliwa. Mwenye heri Anuarite alizaliwa mwaka 1939 upande wa Wamba, kwa Wabudu. Jina lake alilopewa na wazazi ni Nengapeta, ndiyo kusema mali inadanganya. Mwaka 1943 alibatizwa pamoja na mama yake, akaitwa Alphonsine. Alipoingia masomo, mutawa Muzungu aliyekuwa akiandika wanafunzi alimwandikia jina la dada yake, Anuarite, yaani yule anayecheka vita, akaliweka mbele ya jina lake mwenyewe. Hakuna mutu aliyelirudisha nyuma. Tarehe 5 Agosti 1959, huko Bafwabaka, aliweka nadiri katika shirika la Jamaa Takatifu, akapokea jina la kitawa, Marie-Clémentine. Aliuawa kule Isiro tarehe 1 Desemba 1964, wakati wa vita vya Wasimba. Na Baba Mutakatifu Yohana Paulo II alipomutangaza Mwenye heri mjini Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985, Kanisa zima lilisikia: Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta. Jina la utawa linatangulia, la dada linakaa katikati, lake mwenyewe linafika mwisho, na lile la ubatizo halisikiki. Yule mutawa hakukusudia ubaya. Lakini mukono wake siku moja uliamua namna Wakristu watakavyomuomba binti huyu miaka yote. Ndiyo sababu tunasema: anayeshika kalamu mbele ya wazazi anashika kitu kizito.

Kisha ukaja mwaka 1972. Inchi ilikuwa imekwisha kuitwa Zaire tangu Oktoba 1971. Mobutu aliacha jina la Joseph-Désiré na kuagiza raia wote waache majina ya kigeni. Mupadri aliyebatiza mutoto Muzairwa kwa jina la Kizungu aliweza kufungwa miaka mitano. Kardinali Malula alipinga jambo hilo, akalazimika kukaa Roma kwa miezi, mupaka Juni 1972. Ju ya mambo haya mengi yameandikwa. Sisi tunatazama mupango tu. Nafasi ya mbele ilipobaki tupu, watu walitafuta jina la kufuata nyuma, na hapo ndipo lilipozaliwa neno ambalo kila mutoto wa masomo analijua leo: postinomu. Wengi walichota kwa wakubwa waliokufa. Hivi tate wengi waliokuwa wamesahauliwa walirudi kwa njia ya amri iliyotaka kuwapiga watakatifu. Majina ya ubatizo nayo hayakufa. Yalifichwa nyumbani na kanisani, na baada ya mwaka 1990 yakatokea tena, lakini safari hii nyuma. Ndivyo tunavyoandika mupaka leo: nomu, postinomu, prenomu. Katika ofisi ya komuni Mwenye heri wetu angekuwa Anuarite Nengapeta Marie-Clémentine.

Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 ilifunga kabisa: mupango wa majina na namna ya kuyaandika havibadiliki tena vikiisha kuandikwa kwa etasivili, isipokuwa tribinali ya amani imeruhusu. Leo wazazi wanapewa siku 90 za kumwandikisha mutoto. Siku hizo ni nyingi kuliko siku za ugomvi, kama wakianza mapema. Wengi hawaanzi. Baba anakwenda komuni peke yake, anatia jina la mama yake kuwa nomu na kuacha lile la upande wa muke. Mama naye anakuja parokiani siku ya Posho, anageuza. Miaka 20 baadaye binti anataka ndoa ao masomo ya mbali, na karatasi zake mbili zinasema watu wawili.

Kwa maoni yetu, mupadri asichague kati ya tate wawili. Hiyo ni kazi ya jamaa, na kuna makabila ambamo hata jamaa hawachagui sana: kwa Wanande mwanamuke wa kwanza ni Masika, hakuna kura. Lakini katekista aulize swali moja siku ya kuandikisha: komuni wameandika namna gani? Kama karatasi iko, tufuate mupango wake neno kwa neno, na jina la mutakatifu liingie pale lilipoandikwa, hata likiwa la mwisho. Kama karatasi haiko bado, tuwaite wazazi wote wawili, si baba peke yake, wala mama peke yake, waseme majina kwa sauti mbele ya wasimamizi, ndipo tuandike.