Bujora, Nyumba ya Bulabo

Mwezi wa sita ukifika Usukumani, mtama umeshaingia ghalani, pamba inachumwa, na vumbi la Kisesa linaanza kukanyagwa na watu waliovaa njuga miguuni. Wanaelekea Bujora, kwenye kilima cha mawe kilicho kilomita 20 hivi kutoka Mwanza mjini, kando ya barabara ya Musoma. Wapo wanaokwenda kusali, wapo wanaokwenda kushindana, na wengi wanakwenda kwa yote mawili. Sikukuu yenyewe inaitwa Bulabo, yaani maua, na kituo kinachoilea kimekuwa makumbusho ya Wasukuma kwa zaidi ya nusu karne. Historia ya kituo hicho inastahili kusimuliwa pamoja na ya sikukuu yake, kwani kimoja kisingeishi bila kingine.

Maua hayo yametoka mbali. Bulabo ni Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, iliyoadhimishwa kwanza Liège, katika Ubelgiji ya leo, mwaka 1246. Mwaka 1264 Papa Urbano IV, mzaliwa wa Troyes nchini Ufaransa, aliagiza iadhimishwe na Kanisa lote. Wafaransa wakaiita Fête-Dieu, Sikukuu ya Mungu, wakaipamba kila mkoa kwa namna yake: Ekaristi inapitishwa mitaani, watoto wanatangulia wakimwaga maua njiani. Katika vijiji vya Wabaski kama Itxassou na Hélette, hadi leo wanaume huvaa sare za askari wa zamani na wacheza ngoma huandamana na padri. Ni katika kona hiyohiyo ya Ufaransa, jirani na mji wa Bayonne, alikozaliwa Charles Lavigerie mwaka 1825. Ndiye aliyeanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika huko Algiers mwaka 1868, hao tuliowazoea kwa jina la White Fathers.

Msafara wao wa kwanza ulipanda meli Marseille Aprili 1878, ukatembea kwa miguu kutoka Bagamoyo, na mwishoni mwa Desemba ukafika Kageye, kusini mwa Ziwa Victoria. Kutoka hapo Padri Siméon Lourdel na Bruda Amans walivuka kwa mtumbwi hadi Buganda, wakawasili Februari 1879. Huku kwetu misheni ilisimama Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883. Sala zilifika, maandamano yakafika, lakini ngoma ilibaki nje ya mlango. Kwa miaka mingi wamisionari waliitazama ngoma kama kitu cha kipagani, na Mkristo aliyeonekana uwanjani aliulizwa maswali. Msukuma aliyebatizwa akajikuta na nyumba mbili zisizosalimiana.

Aliyezipatanisha nyumba hizo ni Padri David Clement, Mkanada wa Quebec, mtu aliyekulia katika Kifaransa na katika maandamano ya Fête-Dieu. Wasukuma walimpa jina Fumbuka. Alipofika Bujora miaka ya 1950 hakuanza kwa kuhubiri dhidi ya ngoma. Aliketi na wazee, wakaunda kamati ya utafiti, na swali lao lilikuwa zito: mambo haya ya Mungu, Msukuma angeyasema vipi kwa vitu vyake mwenyewe? Jibu linaonekana hadi leo ukiingia kanisani Bujora. Jengo ni la duara, mfano wa nyumba ya Kisukuma. Altare imechongwa kwa umbo la kiti cha mtemi, na tabernakulo ni nyumba ya mtemi, juu yake ngao na mikuki. Mzee asiyejua kusoma akiingia humo anatambua mara moja kwamba anayeheshimiwa hapa ni mtawala. Wakati Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofunguliwa 1962, ulipofungua njia kwa mila za mataifa kuingia katika ibada, Bujora ilikuwa imeshaanza safari.

Na ngoma? Tangu karne ya 19 wachezaji wa Kisukuma wamegawanyika pande mbili, Wagika na Wagalu, wakiwafuata waasisi wawili walioshindania umahiri na nguvu za dawa, Ngika na Gumha. Pande hizo huanza kucheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja, na hakimu ni umati wenyewe: watu wanakokimbilia, huko ndiko kwenye ushindi. Padri Clement aliukaribisha ushindani huo ndani ya sikukuu. Ibada na maandamano yakiisha, uwanja unakuwa wa manju.

Asubuhi ya Bulabo ngozi za ngoma huwa zimelegea kwa baridi. Wapigaji huzikusanya kuzunguka moto wa nyasi kavu, wanazigeuza, wanazigonga kwa kidole, wanasikiliza. Ikilia sawasawa, wachezaji wa bugobogobo wanaingia na majembe mabegani. Wanayarusha hewani, yanazunguka, wanayadaka huku wamepiga magoti, kazi ya shamba ikiwa imegeuka furaha. Upande wa pili Bayeye, mabingwa wa nyoka, wanamfungua chatu mzito na kumzungusha shingoni. Umati unapiga yowe na kuhama kama wimbi, na waliopata nafasi juu ya mawe makubwa hawashuki hadi jua lizame.

Mwaka 1963 serikali ilifuta utawala wa machifu, na vitu vya kitemi vikawa hatarini kuuzwa, kuoza au kusahaulika. Mwaka 1968 Makumbusho ya Wasukuma yakafunguliwa Bujora. Ngoma na vyombo vya watemi vikapata hifadhi katika jengo lenye umbo la kiti cha enzi. Kando yake ipo nyumba ya mhunzi, ya mganga, na ya Wagika na Wagalu. Clement alifariki miaka ya 1980, lakini kazi haikuzikwa naye, kwa sababu tangu mwanzo ilikuwa mikononi mwa wazee, wachezaji na familia za Kisesa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale Bujora mgeni alikuja na sikukuu ya kwao, akakuta mwenyeji ana yake, na aliyepona ni wote wawili: sikukuu ya Kifaransa ikapata uhai ambao miji mingi ya Ulaya imeupoteza, na ngoma ya Kisukuma ikapata paa. Lakini paa pekee halitoshi. Wanaokitunza kituo hiki, na sisi tunaojivunia, tuna kazi moja isiyoahirishwa: kuhakikisha kila mwezi wa sita wapo vijana wanaojua kuwasha ule moto wa nyasi, kugeuza ngoma, na kusikiliza kwa kidole kama ngozi imekaza.