Mjusi wa Tendaguru Alitembeaje?

Sura ya tatu ya riwaya yangu ilikataliwa na bibi yangu mzaa mama, hapahapa Newala. Ndani yake yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, mkoani Lindi, anashuka mtoni kunywa maji. Kwa kutaka vishindo nikamkimbiza: anaruka gogo, anageuka ghafla, vumbi linatimka! Nilipomaliza kusoma bibi akauliza, "Mume wangu, huyo mnyama kabeba nini?" Nikamjibu hajabeba kitu.

"Kajibeba mwenyewe. Sasa mbona anaruka kama mbuzi?"

Bibi alichota maji bondeni miaka mingi kabla ya bomba. Alisimama akanionyesha namna ya kupanda mlima na ndoo kichwani. Mguu haunyanyuki mpaka uzito wote umekwisha kuhamia mguu wa pili. Nyonga kwanza, goti baadaye, na ukitaka kugeuka unaanza kugeuka mapema. Nilinuna, nisiseme uongo. Lakini nilipoingia vitabuni nikakuta wasomi wa Ulaya na Marekani waligombana kwa jambo hilohilo.

Habari za mifupa ya Tendaguru ziliwafikia Wajerumani mwaka 1906 kupitia mhandisi wa madini, Bernhard Sattler. Kati ya 1909 na 1913 wachimbaji wa kwetu, msimamizi wao mkuu akiwa Boheti bin Amrani, waliifukua. Wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi Lindi, safari ya siku nne hivi, na zaidi ya tani 200 zikapelekwa Berlin.

Wakati huo Berlin palikuwa tayari na nakala ya plasta ya dainosaria wa Marekani, Diplodocus, iliyofika 1908. Ilisimama wima kama tembo. Mwaka 1909 Gustav Tornier akasema hapana, mjusi ni mjusi tu, atambae magoti nje kama mamba. William Holland wa Pittsburgh, ambaye nakala ile ilitoka kwenye jumba lake la makumbusho, akamjibu 1910 kwa kejeli: mnyama huyo akitambaa hivyo kifua chake kitashuka chini kuliko nyayo, kwa hiyo atahitaji kuchimbiwa handaki kila aendako! Holland alikuwa sahihi. Hata hivyo mimi namhurumia kidogo Tornier, maana bila ubishi wake nani angehangaika kupima kifua kile?

Ubishi haukuisha hapo. Werner Janensch alipomsimamisha mjusi wetu mwaka 1937 alimnyoosha miguu ya nyuma, ila ya mbele akaikunja viwiko nje, na mkia ukaburuta chini. Alikaa hivyo hadi alipobomolewa na kuundwa upya. Mwaka 2007 akaonekana na miguu ya mbele iliyonyooka chini ya mwili, mkia juu, urefu zaidi ya mita 13. Hata uzito wake ulirekebishwa. Mwaka 1962 Edwin Colbert alikadiria tani 78, baadaye wengine wakashuka chini ya 40. Na waliochora filamu ya Jurassic Park, 1993, walimsimamisha ndugu yake kwa miguu miwili ale majani. Inapendeza, lakini mnyama mwenye mabega mazito namna ile kujiinua hivyo ni kazi!

Mimi huwawaza wale wapagazi. Kila mmoja aliujua uzito wa kipande chake, begani na shingoni, siku nne mfululizo.

Basi nimeiandika sura upya. Mjusi anachukua ukurasa mzima kufika mtoni. Gogo halirukwi tena, linapasuka. Juzi jioni nilimsomea bibi huku akimenya mihogo, naye akanyamaza hadi mwisho. Nikajua nimefaulu.

"Sasa anatembea," akasema. "Na mkia umeuweka wapi?"

Nilikuwa nimeusahau kabisa.