Ngisi Walipoadimika Monterey

Mwaka 1983 El Niño ilipasha joto bahari ya California, na ngisi wakaadimika katika ghuba ya Monterey. Wavuvi walikosa riziki. Ronald Vale, mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Stanford, na Michael Sheetz, mtafiti mgeni chuoni hapo, walikosa neva za ngisi za kuchunguza. Wakafunga safari hadi upande wa pili wa Marekani, kwenye kijiji cha Woods Hole, Massachusetts, chenye maabara ya viumbe wa baharini tangu 1888.

Kwa nini ngisi? Mnyama huyu, ambaye watu wa Pwani humjua zaidi akiwa sahanini, ana neva nene ajabu. Mwaka 1936 Mwingereza J. Z. Young alionyesha kuwa mirija fulani mwilini mwake, ambayo ni rahisi kuidhania mishipa ya damu, ni aksoni, yaani mikia mirefu ya seli za neva. Unene wake hufikia karibu milimita 1. Mtafiti anaweza kuukata mmoja na kuuminya, ute wa ndani ukatoka wote. Neva za binadamu hazikubali mchezo huo.

Swali lililowasumbua Vale na Sheetz lilikuwa la zamani. Sehemu kubwa ya protini za aksoni hutengenezwa kwenye mwili wa seli, karibu na uti wa mgongo, ilhali ncha yake yaweza kuwa mguuni, mita nzima mbali. Mzigo unafikaje? Mwaka 1948 watafiti Paul Weiss na Helen Hiscoe walibana neva za wanyama. Upande wa juu wa kibano ukavimba kama mto uliozibwa. Walikadiria mwendo wa milimita 1 hivi kwa siku. Kwa kasi hiyo, safari ya kwenda mguuni ingechukua karibu miaka 3! Walikuwa sahihi, ila nusu tu: vipimo vya baadaye vilionyesha kuwa mizigo mingine hukimbia hadi milimita 400 kwa siku. Lazima palikuwa na kitu kinachovuta.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtafiti Robert Allen aliunganisha kamera ya video na hadubini. Yeye na wenzake wakaona ndani ya aksoni ya ngisi chembe ndogo mno zikipishana, hizi zikienda, zile zikirudi.

Vale na Sheetz walidhani mvutaji ni miosini, protini ya misuli. Sivyo. Wakishirikiana na Bruce Schnapp na Thomas Reese, waliona vifuko vya mizigo vikitembea juu ya mikrotubuli, mirija ya kiunzi cha seli yenye kipenyo cha nanomita 25. Walipoitia mikrotubuli kwenye kioo pamoja na majimaji ya aksoni, yenyewe ikaanza kuteleza. Mvutaji alikuwa ndani ya majimaji, amenata kwenye kioo. Mwaka 1985 walitangaza protini hiyo, waliyoitenga kutoka kwa ngisi na kwenye ubongo wa ng'ombe, wakaiita kinesini. Miaka michache baadaye ilitambuliwa kuwa mizigo ya kurudi huvutwa na protini nyingine, dayneini.

Sheetz na Vale, pamoja na mtafiti mwenzao James Spudich, walipata tuzo ya Lasker ya utafiti wa tiba mwaka 2012. Miaka 10 kabla yake, ilikwisha kubainika kuwa kasoro katika jeni moja ya kinesini, KIF5A, husababisha ugonjwa wa kurithi unaokakamaza miguu.