Kipeperushi

Kipeperushi cha siku hizi hakipeperuki: hugawiwa mkono kwa mkono msikitini, kanisani au kwenye mkutano wa kampeni. Lakini neno limetokana na kitenzi peperusha, yaani kufanya kitu kichukuliwe na upepo, kama bendera. Maana hiyo ilitimia hasa vitani. Mwaka 1944, katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, ndege na mizinga ya Marekani na Uingereza ilimwaga vipeperushi juu ya majeshi ya Ujerumani. Baadhi ya wanajeshi walioviandika walikuwa wakimbizi kutoka Ujerumani hiyohiyo, mmojawapo Stefan Heym, Myahudi aliyewakimbia Wanazi, akaja kufunzwa katika kambi ya kijeshi ya Ritchie, Maryland, Marekani. Kipeperushi mashuhuri kuliko vyote kilikuwa hati ya kujisalimisha. Kilipambwa kama waraka wa serikali, kikabeba jina la Jenerali Eisenhower, kamanda mkuu wa majeshi hayo ya Marekani na Uingereza, kikaahidi chakula na matibabu. Hakikutukana wala kutisha. Basi anayesimulia vita hivyo kwa Kiswahili asihangaike na “karatasi za propaganda zilizorushwa kutoka angani”. Kipeperushi kinatosha, kwani kitendo chenyewe kimo ndani ya neno.