Mikono Inayokumbuka: India na Safari ya Kuunda Manowari Zake

Mwaka 1836 Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alimtunuku Mfalme William wa Nne wa Uingereza manowari nzima yenye mizinga 74. Ilikuwa ikiitwa Liverpool. Waingereza waliipokea na kuipa jina la Imaum, kwa heshima ya aliyeitoa. Jina la kwanza lilikuwa la mji wa Uingereza na bendera ilikuwa ya Oman, lakini mkuku wake ulilazwa Bombay, mwili wake ukaundwa kwa msaji wa Bara Hindi, na mafundi wake walikuwa wa ukoo wa Wadia, Waparsi waliokuwa wamerithishana kazi hiyo tangu karne ya 18. Miaka minne baadaye Sultana, nayo mzaliwa wa Bombay, iliingia bandari ya New York ikimbeba Ahmad bin Naaman, mjumbe wa Seyyid Said.

Msomaji wa mwambao wa Afrika Mashariki ana haki ya kuikumbuka historia hiyo kama sehemu ya yake. Nguvu ya baharini iliyoilinda dola ya Zanzibar ilitegemea gudi la mji mwingine. Waingereza wenyewe waliutegemea mji huohuo: Cornwallis, ambayo juu ya sitaha yake ulitiwa saini mkataba wa Nanking kati ya Uingereza na China mwaka 1842, iliundwa Bombay, na Trincomalee ya mwaka 1817 bado inaelea hadi leo huko Hartlepool. Kisha ukaja wakati wa chuma na mvuke. Kazi ya kuunda meli kubwa za kivita ikahamia kwenye viwanda vya Uingereza, na Bombay ikabakiwa zaidi na kazi ya ukarabati. India ilipopata uhuru mwaka 1947, taifa lililowahi kuuza manowari kwa wafalme lilikuwa linanunua manowari kuukuu kutoka kwa mtawala wake wa zamani.

Kupotea huko kwa ufundi ndiko kunakoipa uzito habari ya mpango wa India wa kubuni na kuunda manowari zake. Mara nyingi mpango huo husimuliwa kama hadithi ya fahari ya taifa, au hadithi ya fedha na teknolojia. Makala haya yanashikilia kwamba kiini chake ni kumbukumbu. Uwezo wa kuunda manowari hukaa ndani ya watu: mchomeleaji, msanifu, mkaguzi, fundi wa mabomba. Nao hudumu pale tu ambapo kazi moja inafuatwa na nyingine kabla mikono haijasahau. India imelithibitisha hilo mara mbili, mara moja kwa kufanikiwa na mara moja kwa kushindwa.

Tuanze na kufanikiwa. Mwaka 1960 serikali ilinunua gudi la Mazagon mjini Bombay na gudi la Garden Reach kule Kalkuta. Mwaka uliofuata Garden Reach ikakabidhi Ajay, chombo kidogo cha doria, manowari ya kwanza kuundwa katika India huru. Hatua iliyokuja kuzaa matunda zaidi ilichukuliwa ndani ya jeshi lenyewe. Katika miaka hiyo ya 1960 Jeshi la Wanamaji lilianzisha ofisi yake ya usanifu, likawaajiri wahandisi wa meli na kuwavika sare. Mataifa mengi huviachia viwanda kazi ya kubuni. India iliamua kwamba anayechora meli na atakayekwenda nayo vitani wawe chini ya paa moja, na kwamba msanifu aliyekosea akutane na baharia aliyeumizwa na kosa hilo.

Somo la kwanza liliazimwa. Nilgiri, frigeti iliyoanza kuundwa Mazagon mwaka 1966 na kuingia jeshini Juni 1972, ilifuata michoro ya Waingereza ya daraja la Leander. Anayeitazama kwa haraka ataona nakala tu. Lakini mchoro hausemi kila kitu. Hausemi bamba lipi lichomelewe kwanza ili jirani yake lisipinde, wala namna ya kupitisha kilomita za nyaya kwenye chumba ambacho mtu mmoja hageuki vizuri. Mambo hayo hujifunzwa kwa kuharibu na kurudia, na Mazagon ilipewa nafasi ya kurudia: Nilgiri ilifuatwa na nyingine tano, ya mwisho mwaka 1981. Katika mbili za mwisho, Taragiri na Vindhyagiri, wasanifu walithubutu kuigeuza sehemu ya nyuma ili ibebe helikopta kubwa ya Sea King. Mwanafunzi alikuwa ameanza kumsahihisha mwalimu.

Katikati ya safari hiyo vita vilipita. Usiku wa tarehe 9 Desemba 1971, nyambizi ya Pakistan iitwayo Hangor, iliyoundwa Ufaransa, iliizamisha Khukri ya India, iliyoundwa Uingereza. Maofisa 18 na mabaharia 176 walikufa, akiwamo nahodha Mahendra Nath Mulla, aliyebaki na meli yake. Watu wa mataifa mawili maskini waliuana kwa vyombo vilivyochorwa Ulaya, kwa ajili ya bahari za Ulaya. Jina la Khukri lilirudi baharini mwaka 1989, safari hii kwenye manowari iliyobuniwa na ofisi ya usanifu ya jeshi na kuundwa Mazagon.

Kabla ya hapo ilikuja Godavari, na huenda ndiyo meli muhimu kuliko zote katika simulizi hili. Iliingia jeshini Desemba 1983. Umbo lilikuwa la Wahindi wenyewe, refu kwa takribani mita 13 kuliko Nilgiri, lakini lilisukumwa na mitambo ya mvuke ya aina ileile. Makombora yalitoka Urusi ya Kisovieti, helikopta zake mbili Uingereza, na sona ilitengenezwa nyumbani. Kuvifanya vifaa vya kambi mbili zilizokuwa zikitishiana kwa nyuklia vizungumze ndani ya meli moja haikuwa kazi ya kunakili. Hakuna mwuzaji ambaye angekubali kuifanya, wala angeweza. Hapo ndipo usanifu ulipolipa gharama yake: nchi isiyotaka kujifunga kwa mkubwa mmoja ilipata meli isiyofungwa kwa mkubwa mmoja.

Ukinzani wa kweli dhidi ya mpango huu unahusu muda na fedha, na haufai kupuuzwa. Manowari iitwayo Delhi ilianza kuundwa mwaka 1987 ikaingia jeshini 1997, huku kuvunjika kwa Urusi ya Kisovieti kukikatiza vifaa njiani. Kolkata ilianza 2003 ikamalizika 2014. Miaka kumi na moja kwa meli moja ni mingi mno; baharia aliyejiunga akiwa kijana huipokea akiwa na mvi. Mkosoaji anauliza: si afadhali kununua?

India ilinunua pia, na jibu limo humo. Mwaka 2004 ilitia saini mkataba na Urusi wa kuichukua manowari kuukuu ya kubeba ndege, Admiral Gorshkov, na kuifanya mpya. Bei ilipanda hadi kufikia takribani dola bilioni 2.3, tarehe zikasogezwa tena na tena, na kwenye majaribio ya mwaka 2012 matangi ya mvuke yalishindwa. Meli hiyo, sasa ikiitwa Vikramaditya, ilikabidhiwa Novemba 2013. Mnunuzi alikuwa amelipa, na tena amechelewa, bila kubaki na fundi hata mmoja aliyejua kuunda meli ya namna hiyo.

Wakati huohuo, kwenye gudi la Cochin, manowari nyingine ya kubeba ndege ilikuwa inaundwa. Mkuku wa Vikrant ulilazwa Februari 2009, naye akaingia jeshini tarehe 2 Septemba 2022, mwenye urefu wa mita 262 na gharama ya takribani rupia bilioni 200. Miaka kumi na mitatu. Ila humo ndani pana kisa cha chuma kinachostahili kusimuliwa polepole. Mpango wa awali ulikuwa kununua chuma maalumu cha manowari kutoka Urusi. Chuma hakikuja kama ilivyotarajiwa. Maabara ya metali ya Hyderabad pamoja na shirika la umma la chuma, SAIL, wakakaa chini na kutengeneza aina yao, iliyopewa jina la DMR 249A. Meli ilisubiri. Magazeti yalilalamika, na kwa haki. Lakini chuma hicho hakikuishia Vikrant. Manowari zilizofuata zimejengwa kwacho. Anayehesabu ucheleweshaji wa meli moja bila kuhesabu chuma cha meli zilizofuata amefunga daftari kabla ya hesabu kwisha.

Na hesabu zinaonyesha. Nilgiri ya pili, iliyorithi jina la ile ya 1972, ilianza kuundwa Desemba 2017 ikaingia jeshini tarehe 15 Januari 2025. Miaka saba, dhidi ya kumi na moja ya Kolkata. Agosti mwaka huohuo Udaygiri na Himgiri zilipokelewa siku moja, moja kutoka Mazagon na nyingine kutoka Garden Reach. Udaygiri ilitajwa kuwa meli ya 100 kubuniwa na ofisi ya usanifu ya jeshi hilo. Majirani wa bahari wananufaika pia. Mwaka 2015 Mauritius ilipokea Barracuda kutoka Garden Reach, manowari ya kwanza ambayo India huru iliiunda kwa ajili ya nchi nyingine. Na Aprili 2025, wakati wa mazoezi ya pamoja yaliyoandaliwa na India na Tanzania, watu wa Dar es Salaam waliweza kuiona Chennai bandarini mwao: meli iliyotoka Mazagon, katika mji uleule ulioiunda Liverpool ya Seyyid Said.

Hata hivyo Chennai husukumwa na mitambo ya gesi ya kiwanda cha Mykolaiv, Ukraine. Hapo ndipo penye kidonda. Wahindi wenyewe huigawa manowari katika sehemu tatu: kuelea, kusonga na kupigana. Kwa takwimu ambazo jeshi hilo limekuwa likizitaja, katika kuelea limefikia takribani asilimia 90 ya kujitegemea, katika kusonga karibu 60, na katika kupigana takribani 50. Vikrant yenyewe, inayotajwa kuwa na asilimia 76 ya vitu vya nyumbani, husukumwa na injini nne za gesi za usanifu wa Kimarekani. Baada ya Urusi kuitwaa Crimea mwaka 2014, Ukraine ilikataa kuiuzia Urusi injini za manowari. Baadaye India iliagiza frigeti mbili kwenye gudi la Urusi, zenye nafasi ya injini za Kiukraine. Ikabidi serikali ya India inunue injini hizo yenyewe na kuzipeleka Urusi zikafungwe humo. Ya pili kati ya frigeti hizo, Tamal, ilipokelewa Kaliningrad Julai 2025, na India imetangaza kwamba ndiyo manowari ya mwisho kuundiwa nje. Ni tangazo zuri, lakini moyo wa meli nyingi za nyumbani bado unatoka kwa mwingine.

Kushindwa kwenyewe, ule uthibitisho wa pili, kulitokea chini ya maji. Desemba 1981 India ilikubaliana na kiwanda cha HDW cha Ujerumani Magharibi kupata nyambizi nne: mbili ziundwe Kiel, mbili Mazagon. Wachomeleaji wa Bombay walijifunza kazi ngumu kuliko zote katika fani hiyo, maana mwili wa nyambizi hausamehe ufa mwembamba kama unywele. Shalki ilikamilika mwaka 1992 na Shankul 1994. Zilifaulu. Lakini tangu 1987 kulikuwa na tuhuma za fedha za chini ya meza katika mkataba ule. Kiwanda kikapigwa marufuku, na nyambizi zaidi zilizokuwa zimefikiriwa hazikuagizwa. Serikali ilikuwa na haki ya kuchunguza ufisadi. Haikuwa lazima, kwa kufanya hivyo, iwaache watu wale bila kazi ya kuwapa. Baada ya Shankul hapakuwa na mwili mwingine wa kuchomelea. Walihamia kwingine, au walizeeka. Mkataba uliofuata, wa nyambizi sita za Kifaransa, ulitiwa saini mwaka 2005, na ya kwanza, Kalvari, iliingia jeshini Desemba 2017, miaka 23 baada ya Shankul. Gudi lililowahi kujua lililazimika kufundishwa tena, na kulipia karo mara ya pili.

Tofauti kati ya juu na chini ya maji haikutokana na akili wala fedha, kwa sababu gudi lilikuwa moja, mji mmoja na serikali moja. Manowari za juu ya maji zilipata mnyororo wa maagizo usiokatika kwa miaka sitini. Nyambizi zilikatiwa wao. Hili linazihusu nchi zisizo na ndoto yoyote ya kuunda manowari. Kenya ilianzisha kampuni ya umma ya kuunda meli mwaka 2020, na Kisumu imekwisha kuunda MV Uhuru II kwa msaada wa wataalamu wa Uholanzi. Mwanza ina mafundi wa vivuko wa miaka mingi. Swali la kuwauliza wanaopanga bajeti ni dogo na zito: chombo kinachofuata kinaanza lini, na je, waliounda kile cha kwanza watakuwa bado wako pale?

Mumbai, ndiyo Bombay ya zamani, swali hilo limerudi tena mezani. Mwaka 2025 gudi la Mazagon liliingia katika mazungumzo ya kuunda nyambizi sita mpya. Mshirika wake ni Thyssenkrupp ya Ujerumani, ambayo ndiyo inayomiliki kile kiwanda cha Kiel kilichowafundisha wachomeleaji wa Bombay miaka arobaini iliyopita. Waliofundishwa wakati ule wamekwisha kustaafu.