Kukolea

Anayeanza kusomea usanifu wa picha hufundishwa mapema kwamba rangi ina sifa tatu: aina yake, mwanga wake na nguvu yake. Mpangilio huo ni wa Albert Munsell, mwalimu wa sanaa wa Marekani, aliyeueleza kitabuni mwaka 1905. Sifa mbili za kwanza hazikunisumbua. Ya tatu, darasani tuliizoea kama "ukali", nami sikuridhika. Ukali ni wa jicho linalotazama.

Muuza kanga angesema tu: imekolea. Chumvi hukolea kwenye mchuzi, sukari kwenye chai, rangi kwenye kitambaa (na penzi pia, ila hilo halimo kwenye mtihani). Kitenzi hiki kina kipimo ndani yake: kitu kimeingia hadi kikatosha.

Upande wa kupungua tuna utajiri zaidi. Kanga iliyofuliwa mno imechujuka, maji yameondoka na rangi yake. Iliyokaa juani siku nyingi imepauka, kama isemwavyo ngozi isiyopakwa mafuta. Kufifia nako kupo, lakini taa hufifia na nyota hufifia, kwa hiyo ningekuweka kwenye sifa ya pili, ya mwanga.

Programu za kuchorea kwenye kompyuta zina kitelezi kimoja kwa safari yote hiyo. Ukikishusha hadi mwisho, hata nyekundu ya damu ya mzee hugeuka kijivu. Ningekiandika "ukolevu". Mwenye neno bora alilete.